Mama yuko nami Columbus, ofisi inanizungusha. Nifanyeje nilipwe kwa kumtunza?

Binti_Chumbageni
Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio. Mama ana miaka 71, naishi naye. Anasahau sana siku hizi: anawasha jiko na kuliacha, usiku anavaa kanga anataka kwenda soko la Mgandini, Tanga. Kuoga na kuvaa ni mimi. Nasikia serikali ya shirikisho ina fungu la wazee na mtoto anayemtunza mzazi analipwa mshahara. Nimekwenda ofisini, wakataka taarifa za benki za miezi mitatu, mara kuna foleni, mara nisubiri simu. Mwenye kujua hatua anisaidie, nina haraka.

Mzee wa Vifungu
Dada, umechanganya mifuko miwili, wa wazee na wa Medicaid. Ule wa wazee unatokana na Sheria ya Wamarekani Wazee, iliyosainiwa na Rais Johnson 14 Julai 1965, wiki mbili tu kabla ya Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo. Bunge la Marekani linatenga fedha kila mwaka. Wizara ya afya ya shirikisho inazigawa kwa majimbo kwa kuangalia idadi ya watu wa miaka 60 na zaidi, na hakuna jimbo linalopata chini ya nusu ya asilimia 1. Jimbo na wenyeji nao wanatia chao: asilimia 15 kwa huduma na chakula, 25 kwa fungu la watunzaji. Kutoka jimboni zinashuka kwa ofisi za wazee za maeneo, ambazo nchi nzima ni zaidi ya 600. Ohio zipo 12. Nyingi hazipiki wala haziogeshi mtu, zinaingia mkataba na wanaofanya kazi hiyo.

Lako ni fungu la tatu la sheria hiyo, lenye sehemu zake kwa herufi. B ni usafiri, msaada wa nyumbani na msaada wa kisheria. C-1 ni chakula cha pamoja ukumbini, C-2 cha kuletewa mlangoni, na kila mlo lazima ubebe angalau theluthi ya mahitaji ya lishe ya siku. D ni kinga ya maradhi. E, iliyoongezwa mwaka 2000, ni ya watunzaji wa familia, na haina mshahara. Inatoa ushauri, mafunzo na mtu wa kukupokea zamu ili upumzike, mradi mgonjwa hawezi shughuli mbili za mwili bila msaada, au akili imepungua kiasi cha kuhitaji uangalizi. Kwa ulivyoeleza, mama anapita kwa yote mawili.

Foleni ni kweli. Medicaid ukistahili, serikali inalazimika kukupa. Hizi fedha za wazee ni sufuria ya wali wa hitima: ikiisha imeisha, aliyechelewa anasubiri ipikwe nyingine.

Kipanga
Mshahara wa kumwogesha mama mzazi! Mrudishe Tanga, majirani wapo.

Nesi wa Zamu
Kipanga, hao majirani ndio watakaozima jiko saa nane usiku? Tulia.

Dada, mshahara unaousikia ni wa Medicaid. Tangu 1981 jimbo linaweza kuomba ruhusa ya kutumia fedha za Medicaid kumhudumia nyumbani mtu ambaye hali yake ni ya kukaa kituo cha uuguzi. Kwa wazee wa Ohio mpango huo unaitwa PASSPORT, kuanzia miaka 60. Mzee awe na Medicaid, apimwe, aonekane anahitaji uangalizi wa kiwango hicho. Mama ana Medicaid? Aliingia nchini lini, na kwa njia gani?

Binti_Chumbageni
Ana karatasi halali. Uhamiaji si mada hapa, nimeuliza hatua.

Mhasibu wa Kigoma
Kama ni mkimbizi hana haja ya kuhofu sasa hivi, ingawa sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inawaondolea wakimbizi wengi Medicaid kuanzia 1 Oktoba 2026. Ndugu zetu wa kambi ya Nyarugusu waliofika majuzi wajue hilo, wasisubiri Septemba ndipo waanze kuulizana. Na kwa wazee wenye nguvu: fungu la tano la sheria hiyo ya 1965 lina kazi za mafunzo kwa wa miaka 55 na zaidi wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Linasimamiwa na wizara ya kazi. Watu wetu hawaliulizi kabisa.

Nesi wa Zamu
Mhasibu, mama wa watu anapotea usiku, wewe unamtafutia ajira.

Dada, tarehe ya kuingia ndiyo hatua yenyewe. Bila hiyo tunakupa majibu ya mtu mwingine.

Binti_Chumbageni
Haya. Ana Green Card, ana miaka miwili hapa. Nilimdhamini mimi. Na kabla hamjaanza: nimeshatoa notisi kazini, siku ya mwisho ni Ijumaa ijayo. Nafanya ghalani usiku, siwezi kumwacha peke yake. Nimeambiwa malipo yakianza yanazidi hata ghalani. Sikukurupuka.

Nesi wa Zamu
Pole, lakini malipo hayo hayaanzi. Sheria ya 1996 inamtaka mwenye Green Card wa aina ya mama asubiri miaka 5 kabla ya Medicaid ya kawaida, na baadhi ya majimbo yanadai zaidi, robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10. Kisha kuna karatasi ya udhamini uliyosaini: kipato chako kinaweza kuhesabiwa kuwa chake hadi awe raia au robo hizo zitimie. Kuacha kazi hakukutoi kwenye udhamini. Medicare nayo, akiwa hana robo, ataweza kuinunua akitimiza miaka 5 ya ukaazi mfululizo, na hata hivyo hailipi mtu wa kukaa na mzee kutwa.

Kesho nenda kwa mwajiri, omba kuondoa notisi. Halazimiki kukubali, ndiyo maana usingoje Ijumaa. Sheria ya likizo ya 1993 inakupa wiki 12 kwa mwaka, bila malipo lakini kazi yako inalindwa, kwa kumuuguza mzazi. Uwe na miezi 12 kazini na saa 1,250 katika mwaka uliopita, na mwajiri awe na watu 50 ndani ya maili 75. Daktari wa mama anajaza fomu. Mwambie aandike kwamba likizo itachukuliwa vipande vipande, usiku mmoja mmoja, la sivyo utamaliza wiki zote mfululizo.

Mhasibu wa Kigoma
Narudi kwenye mada, msinipige. Mama ana bima? Ukimweka kwenye ripoti yako ya kodi kama tegemezi, kipato chako ndicho kinachoangaliwa kwenye soko la bima, na mwenye Green Card anaweza kupata ruzuku hata kabla ya miaka 5. Lakini tangu Januari 2026, kaya iliyo chini ya mstari wa umaskini haipewi tena ruzuku hiyo kwa hoja kwamba imezuiwa Medicaid. Kwa watu wawili mstari wa 2025 ni dola 21,150. Ukiacha kazi unaweza kudondoka chini yake, na bima ya mama inaondoka na kazi yako.

Binti_Chumbageni
Nyie mnaongea vifungu. Aliyeniambia anafanya kazi hiyo kila siku.

Jicho la Tatu
Mimi nanusa chai. Ofisi ya wazee inadai taarifa za benki? Sheria ya 1965 inakataza kumpima mzee kipato ili apate huduma. Kwa chakula kinachoruhusiwa ni mchango wa hiari, na wa siri. Baadhi ya huduma jimbo linaweza kuzitoza kidogo, lakini hata hapo mzee anataja kipato chake mwenyewe, hadaiwi karatasi. Mleta mada katunga, au hakwenda huko anakosema.

Mzee wa Vifungu
Jicho yuko sahihi kwenye sheria. Dada, ulikwenda wapi hasa?

Binti_Chumbageni
Sijatunga. Ni kampuni ya wahudumu wa nyumbani, mlangoni wameandika huduma za wazee. Nimelipa dola 300 za kufungua faili. Fomu ya Medicaid nimesaini, sehemu ya tarehe ya kuingia walisema wataijaza wao.

Nesi wa Zamu
Chai imekuwa uji wa moto. Ombi la Medicaid halina ada. Na sahihi ile ni kiapo: wakijaza tarehe ya uongo, anayejibu ni wewe. Waandikie leo kwamba unaondoa fomu, udai nakala na risiti. Kama imeshatumwa, ipigie idara ya kaunti urekebishe tarehe mwenyewe.

Mzee wa Vifungu
Kisha piga namba ya taifa ya kutafuta huduma za wazee, 1-800-677-1116, taja msimbo wako wa posta, utaunganishwa na ofisi yenyewe. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Mzee asiyejua Kiingereza vizuri sheria inamtaja kati ya wanaopewa kipaumbele, kwa hiyo hakikisha linaandikwa. Usiseme "nataka msaada", utapewa kipeperushi. Omba vitu vitatu kwa majina: tathmini ya nyumbani, saa za kupumzika za fungu E, chakula cha C-2. Eleza jiko na kutoka usiku, maana foleni nyingi hupangwa kwa hatari. Ulizia pia fedha za kodi ya majengo ya kaunti: Franklin, kaunti yenu hapo Columbus, wanapigia kura kodi ya huduma za wazee, na ni mfuko tofauti na wa shirikisho, una masharti yake.

Binti_Chumbageni
Notisi nitaizungumza Jumatatu, sijaamua. Na chakula ni halali?

Mzee wa Vifungu
Sema mapema. Wanatakiwa kuzingatia dini kadiri inavyowezekana. Jumatatu imechelewa, nenda kesho.

Kipanga
Huo ukumbi wa C-1, mtu wa miaka 44 anaruhusiwa kula?

Mzee wa Vifungu
Kwa bei kamili. Ukioa bibi wa 60 unakula kama mwenzake.

Nesi wa Zamu
Au ajitolee kugawa sahani. Wanaojitolea saa za chakula ofisi inaweza kuwaruhusu.