Mrejesho: nyumba ya marehemu baba, Igogo

Wakuu, niliuliza kama niweke hati benki nipate mkopo wa kukarabati nyumba chakavu ya urithi hapa Mwanza, au niende mdogomdogo. Asanteni sana kwa ushauri.

Hati haijaenda popote. Ni nyumba ya sisi ndugu wanne, na mama bado anaishi humo. Siwezi kuiweka rehani kwa ajili ya marumaru. Nimekopa SACCOS milioni 4, zote za paa, maana vuli haingoji mtu. Fundi alipopandisha ngazi tukakuta kenchi (mbao zinazobeba bati) zimeliwa na mchwa, na hapo ndipo ile asilimia 15 ya bajeti mliyonisisitizia niitenge kwa dharura ilipotuokoa. Bati tumechukua geji 28. Geji 30 ni rahisi, ila ni nyembamba.

Vifaa nanunua mwenyewe, ufundi nalipa kwa hatua: kenchi zikisimama, analipwa, bati likiisha kuezekwa, analipwa. Ukuta wa kuzuia udongo upande wa mlimani tumejenga kwa mawe ya hapahapa.

Vyumba viwili vya uani vimepata wapangaji, kodi yao inalipa rejesho la mkopo. Nyaya za umeme zinafuata, kisha choo. Dari na rangi vitasubiri mwakani.