Kuagiza udi kwa fundi wa ng'ambo: nijilinde vipi kabla ya kutuma arbuni?

Mwanagenzi wa Nyuzi

Ndugu wapenzi wa ala za nyuzi, ninakusudia kuagiza udi wa kutengenezwa kwa mkono kutoka kwa fundi aliye nchi ya mbali, ambaye sijapata kuonana naye na ambaye ninamjua kwa video zake na barua pepe chache tulizoandikiana. Anataka arbuni ya nusu ya bei sasa, na nusu ya pili siku ala itakapokuwa tayari kusafirishwa. Kazi itachukua miezi minane. Malipo yote ni ya benki kwa benki. Nilipomuuliza kuhusu dhamana, alijibu kwa sentensi moja kwamba ala ikiwa na kasoro ataitengeneza bila malipo, mradi niirudishe karakanani kwake kwa gharama yangu.

Sina sababu ya kumshuku utapeli, kwa kuwa wapigaji wawili ninaowaheshimu wanatumia ala zake. Hofu yangu ni kwamba nitapokea udi uliotengenezwa vizuri lakini usionifaa, au uliofika umeharibika njiani, na nisiwe na mtu wa kumwendea. Je, katika hatari zote hizi, ni ipi hasa inayostahili kuninyima usingizi?

Mzee wa Risha

Ndugu Mwanagenzi, mimi ningeanzia kwenye hiyo sentensi ya dhamana. Dhamana inayokutaka uisafirishe ala hadi ng'ambo kwa gharama yako haina uzito mkubwa, kwa sababu utalipa nauli ya kwenda, pengine na ya kurudi, utalipa bima mara mbili, na usipoandikisha forodhani kabla ya kuituma kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi, unaweza kutozwa ushuru upya kana kwamba umenunua ala nyingine. Fanya hesabu zako ukijua kwamba udi ukishatoka mlangoni kwake hautarudi tena, na lolote unalotaka kulidai, lidai kabla ya kulipa nusu ya pili.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la maandishi. Nilimwandikia fundi wangu kwamba ninataka udi unaofaa kwa upigaji wa Kiarabu, nikadhani nimemaliza. Akanitengenezea udi ambao nyuzi zake zina urefu wa sentimita 58.5, kipimo kilichozoeleka kwa udi wa Kituruki, ilhali mkono wangu ulikuwa umezoea sentimita 61 hivi za udi wa Kiarabu. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Lakini shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, na kidole hupata mahali pake kwa mazoea matupu, kwa hiyo kila nilipobonyeza, sauti ilipanda juu kidogo kuliko nilivyokusudia, na seti ya nyuzi niliyokuwa nikiitumia siku zote ilikuwa imelegea mno. Ala ilikuwa nzuri, na fundi hakunidhulumu hata kidogo. Nilimwambia nusu ya nilichotaka.

Kwa hiyo andika katika ukurasa mmoja urefu wa nyuzi kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, yaani kile kipande cha mbao usoni ambako nyuzi hufungwa, upana wa shingo, idadi ya nyuzi, namna utakavyozilinganisha uzi kwa uzi, na kimo cha nyuzi juu ya ubao pale shingo inapokutana na mwili. Mwombe fundi akurudishie ukurasa huohuo akiwa ameandika chini yake kwamba amekubali. Ala itakapokuwa tayari, omba akurekodi kwa simu ya kawaida, katika chumba cha kawaida, bila kukatakata: kila uzi peke yake ukiwa wazi, kisha akipanda taratibu hadi kwenye mwili. Video za matangazo huongezewa mwangwi, na mwangwi huficha uzi unaovuma na sauti inayokufa mapema. Omba pia picha ya rula ikiwa imesimamishwa chini ya nyuzi.

Kuhusu fedha, uhamisho wa benki ukishapokelewa ni vigumu sana kuurudisha. Wengine watakushauri utumie PayPal, na ni afadhali, ila angalia kalenda: muda wa kufungua malalamiko ni siku 180 tangu siku ya malipo, nawe unasubiri miezi minane, yaani siku 240 hivi, hivyo ulinzi wa arbuni yako utakwisha kabla udi haujakamilika. Mimi ningependekeza malipo ya sehemu tatu: moja ya kununulia mbao, ya pili ukiona picha ya mwili uliokwisha kuunganishwa kabla haujapakwa rangi, na ya mwisho baada ya ile rekodi.

Karani wa Shehena

Ninashughulika na nyaraka za mizigo, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu.

Mwulize fundi majina ya kitaalamu ya mbao zote atakazotumia, pamoja na za vigingi vya kukazia nyuzi na za mapambo, nawe uyatake yaandikwe kwenye ankara. Mbao za jamii ya Dalbergia, ambamo mpingo nao umo, ziliwekwa zote chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu hata gitaa moja lililokamilika, lililouzwa kuvuka mpaka, lilihitaji kibali. Kuanzia tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo. Mafundi wengi husema kwa sababu hiyo kwamba mambo yamekwisha, lakini msamaha huo hauihusu Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo tangu 1992 imo katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha yenye masharti makali kuliko zote. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba ni marufuku ya aina hiyohiyo. Nimewahi kuona ala ikizuiliwa kwa ajili ya kipande kidogo cheupe kwenye shingo ambacho hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa ni mfupa wa ng'ombe. Mwambie fundi atumie mfupa, na aandike kuwa ni mfupa.

Jambo jingine linaweza kukuchekesha. Usikubali kifurushi kiandikwe kwa jina la udi peke yake, kwa lugha yoyote. Jina hilo, kwetu na kwa wengine, ni pia la udi wa kufukiza, na miti ya Aquilaria inayotoa udi huo imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huohuo, yaani orodha ya vinavyouzwa kwa kibali. Aandike kwamba ni ala ya muziki ya nyuzi, na aweke namba ya forodha 9202.90, ambayo ni ya ala za nyuzi zisizopigwa kwa upinde.

Nauli nayo huwashtua watu. Makampuni ya usafirishaji wa haraka hutoza kwa ukubwa wa sanduku pale ukubwa unapozidi uzito, na kanuni yao ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5000. Sanduku la sentimita 90 kwa 50 kwa 35 litahesabiwa kuwa kilo 31.5, hata kama ndani yake mna kilo nne tu. Katika nchi nyingi ushuru hutozwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kwa hiyo nauli hiyo inakuuma mara mbili. Ndipo fundi mwema hujitolea kuandika kwamba ni zawadi ya thamani ndogo. Mkatalie. Mbali na kwamba ni kuidanganya forodha, udi ukivunjika bima italipa ile thamani ndogo iliyoandikwa.

Fundi Gundi

Ninatengeneza ala zilizovunjika, na ninawaona wateja wa aina hii mara kwa mara. Wanaoletewa ala zilizopigwa na kuvunjika si wengi kama mnavyodhani. Zinazoletwa zaidi ni zilizopasuka zenyewe wiki kadhaa baada ya kufika. Karakana nzuri hutunza unyevu wa hewa katika kiasi cha asilimia 45 hadi 50, na mbao huunganishwa zikiwa zimetulia katika hewa hiyo. Ubao ukihamia kwenye hewa kavu husinyaa kwa upana, kukata nyuzinyuzi zake, lakini kwa urefu husinyaa kidogo mno. Ubao wa uso wa udi ni mwembamba sana na umegundishwa pande zote, hivyo ukishindwa kusinyaa kwa uhuru hupasuka, kwa kawaida kwenye mstari mnyoofu karibu na daraja. Mwulize fundi unyevu wa karakana yake, nawe nunua kipimo cha unyevu usome chumba chako kabla ya kuagiza. Kama hewa yako ni kavu kupita kiasi, hatari kubwa kuliko zote iko nyumbani kwako.

Sanduku likifika usilifungue papo hapo. Liache ndani ya chumba kwa saa 24, hasa likitoka kwenye baridi, kwa sababu vanishi hupata nyufa likifunguliwa ghafla penye joto. Lipige picha pande zote kabla ya kukata utepe, na picha ziendelee hatua kwa hatua hadi udi uwe mkononi, kwa kuwa bima wataziomba. Nyuzi zilegezwe kidogo kabla ya safari. Wenye fidla wajihadhari wasizilegeze kabisa, maana kijiti cha ndani hushikiliwa na mkazo huohuo, na kikianguka sauti yote hupotea.

Vigingi vikiteleza siku za kwanza, tulia. Ni mbao ndani ya mbao, nazo zinazoea hewa mpya. Nimemwona mtu akimtukana fundi wake kwa barua tatu mfululizo kwa jambo lililokwisha kwa kusugua chaki kidogo.

Ningeongeza neno kwa Mzee wa Risha: kasoro nyingi hazihitaji kurudi ng'ambo. Mwanagenzi aafikiane na fundi tangu mwanzo kwamba kasoro ndogo itarekebishwa na fundi wa karibu na mnunuzi, na gharama itolewe na mtengenezaji hadi kiasi fulani kinachotajwa.

Mpenda Kanuni

Kwa nini lakini asinunue udi uliokwisha kukamilika kutoka kwa fundi huyohuyo? Ataisikia ala yenyewe, vipimo vitajulikana, na fedha hazitakaa miezi minane mikononi mwa mwingine.

Mzee wa Risha

Kama upo na unamfaa mkono, nami ningefanya hivyo. Shida ni kwamba mafundi wenye sifa mara nyingi hawana ala iliyokaa ikisubiri mnunuzi.

Mwanagenzi wa Nyuzi

Ndugu, nawashukuru. Nimemwandikia fundi jana usiku nikimpelekea ukurasa wa vipimo, pendekezo la malipo matatu, na sharti la Fundi Gundi kuhusu matengenezo ya karibu. Leo asubuhi amejibu. Malipo matatu ameyakubali, na matengenezo ameyakubali hadi sehemu moja ya kumi ya bei. Kuhusu urefu wa nyuzi ameniuliza kama kweli ninataka 61, kwa maana alikuwa tayari amekwisha kuandika 58.5 kwenye daftari lake. Amenitumia picha ya ukurasa huo wa daftari, namba ya zamani ikiwa imekatwa kwa mstari mmoja. Kipimo cha unyevu bado sijakinunua, na arbuni itasubiri hadi nikisome kwa wiki mbili.