Kipindupindu Kyeshero: ni damu ya ukoo ao ni maji?

Mkaaji wa Kyeshero:
Ndugu zangu wa Goma, nipeni mawazo. Katika avenue yetu kuna nyumba iliyopata kipindupindu mara mbili tangu mvua zianze. Kwenye foleni ya maji watu wamekwisha kukata kesi: "Ukoo ule una damu nyepesi." Juzi mama mmoja amekataa posa ya kijana wa pale kwa sababu hiyo. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi akawaunga mkono, eti hata kwa panya wa maabara imethibitishwa.

La panya ni kweli. Kuna bakteria aitwaye Citrobacter rodentium, anayeng'ang'ania utumbo wa panya kwa namna ileile ambayo bakteria fulani wa E. koli huwaharisha watoto. Si kipindupindu, lakini ndiye wanayemtumia kuchunguza kuhara. Panya wa ukoo wa C57BL/6 huugua kidogo, wakapona. Wa C3H wengi hufa kabla ya wiki mbili kwisha. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha chanzo: jeni ya Rspo2. Kwa panya dhaifu, ugonjwa ukiingia, jeni hiyo hufanya kazi kupita kiasi. Seli za ukuta wa utumbo zinaongezeka mbiombio bila kukomaa, na utumbo mchanga namna hiyo haunyonyi vizuri maji na chumvi. Panya anakauka.

Mwanafunzi wetu aliishia hapo, na hapo ndipo ninapogombana naye. Panya wa FVB nao ni dhaifu hivyohivyo, lakini walipoongezewa maji mwilini mapema, waliokoka. Jeni zao zilikuwa zilezile.

Muuguzi wa Katindo:
Kaka, usiitupe damu haraka hivyo. Mtu wa kundi la damu O akipata kipindupindu, mara nyingi humshika vikali kuliko wengine. Hilo limeonekana kwa watu, si kwa panya. Mimi nikijua nyumba fulani watoto wake wanakauka upesi, nitawaambia waweke ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ndani kabla ya mvua. Tukinyamaza ili tusiwaudhi, tutawazika.

Mkaaji wa Kyeshero:
Yaya, ungekuwa wewe pale kwenye foleni nisingeandika. Lakini kule hakuna aliyetaja ORS. Wanasema "musioane nao." Wameisahau Julai 1994? Wakimbizi karibu 50,000 walikufa kandokando ya mji huu ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa kipindupindu na kuhara damu. Wale wote walikuwa ukoo mmoja?

Nimeangalia siku tatu mfululizo. Binti wa nyumba ile anateremka ziwani gizani, anarudi na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kabla ya saa kumi na mbili. Kijana wa dawa ya maji, yule anayetia klorini kwa bomba la sindano, anafika kumekwisha kucha. Sisi tuna robine uani. Na shimo la choo chao ni fupi, maana chini ni mawe ya volkano, hayachimbiki kwa jembe.

Muuguzi wa Katindo:
Basi hayo ya saa sikuyajua. Kijana wa dawa anaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri?

Mkaaji wa Kyeshero:
Nimemuuliza. Anasema anaogopa giza la kule chini, akipata mtu wa kusimama naye atakuja. Kesho ninashuka naye. Nani wa avenue yetu atachukua kesho kutwa?