Naomba ushauri: tunaenda kupiga kambi kisiwa cha Rum, Scotland, wengi wetu ni mara ya kwanza

mwana_pangani:
Habari zenu wakuu. Tuko saba hapa Glasgow, Wabongo watano na Wakenya wawili, mwezi wa nane tunataka twende Rum siku nne, tutembee taratibu, tupike, tupumzike, hatushindani na mtu. Treni mpaka Mallaig halafu feri. Shida wawili tu ndo washawahi kulala kwenye hema, na tuna shangazi yetu wa miaka 54, anatembea vizuri ila magoti yakichoka ndo yamechoka. Sasa kuna kijana kang'ang'ania tupande wote mlima wa huko unaoitwa Askival, anasema mita 812 ni nini wakati yeye kashafika Uhuru. Mnashaurije?

mkazi_wa_kaskazini:
Mkuu nimelala Rum mara mbili. Huyo kijana mwambie Kilimanjaro gari inakufikisha getini ushapita mita 1,800 na mpagazi kabeba mzigo, Rum unaanzia baharini na begi mgongoni, na Askival kuna sehemu unapanda mwamba kwa mikono, ukungu ukishuka hata mwenzako humuoni. Shangazi mpelekeni Kilmory, kuna barabara ya gari mpaka ufukweni, na ndo hapo wanasayansi wanafuatilia kulungu wekundu tangu 1953, mtawaona kwa karibu. Njia ya Dibidil ni nzuri sana, kuna kibanda cha mawe cha kulala bure, ila ni tope na vijito vya kuvuka, mvua ikipiga vinajaa ghafla, msilazimishe kuvuka.

bi_mkubwa_Leith:
Hakuna aliyetaja visubi jamani, vile vijidudu vinavyouma!! Mwezi wa nane ni wengi mno. Mi nilichemsha chai nje jioni, upepo ukatulia, dakika mbili kikombe kimejaa visubi vinaelea kama majani ya chai. Kila mtu awe na neti ya kichwani, na hema pigeni penye upepo, sio bondeni kwenye miti hata kama panavutia. Na kila usiku mkaguane kupe, nyuma ya magoti na kiunoni, ukimkuta mnyofoe na kichwa chake. Mlale Kinloch kwenye kambi ya kijiji, kuna choo na bafu, shangazi atawashukuru. Maji ya mtoni yana rangi kama ya chai ya rangi, ni udongo wa kule, yachemsheni tu.

mwana_pangani:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Kwa hiyo Kinloch usiku wote, Kilmory pamoja, na kijana na wenzake wawili wakitaka mlima waende siku ya jua. Turudi Jumapili usiku, Jumatatu kazini, inawezekana?

mkazi_wa_kaskazini:
Hapana mkuu, hapo mtaumia. Feri ya Rum haiendi kila siku na bahari ikichafuka inafutwa kabisa. Ombeni ruhusa ya Jumatatu, na mbebe chakula cha siku moja ya ziada.

mwana_pangani:
Sawa, kesho naongea na bosi.