Tupeane uzoefu: ukiwa hewani na paramota, unajuaje mafuta yamebaki kiasi gani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za anga.

Nimeona tulizungumze hili baada ya kuzimikiwa juzi. Kwa wageni: paramota ni injini yenye propela unayoibeba mgongoni, ukining'inia chini ya bawa la kitambaa. Tangi langu ni la lita 12, na niliamini limebaki robo. Injini ikakohoa mara mbili, kisha kimya. Nilikuwa kama mita 250 juu ya mashamba, upepo umetulia, nikaliachia bawa liteleze lenyewe na nikatua salama. Baada ya hapo nikatembea kilomita 3 na mashine mgongoni. Kutua injini ikiwa imezimwa si ajabu, wengi wetu tunafanya hivyo kwa mazoezi. Kinachoniuma ni kwamba dakika kumi kabla ya hapo nilitazama kioo nikaona mafuta yapo.

Mnaijua shida ya chombo chetu. Tangi liko nyuma, chini ya injini, na macho yako mbele. Mwenye pikipiki anafungua kifuniko anachungulia. Sisi tunategemea kioo cha ukubwa wa kiganja kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono, kuyaona mafuta kupitia ukuta wa tangi.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaligundua kosa. Alama za lita nilizichora tangi likiwa limesimama wima sakafuni. Ukishakaa kwenye hanesi, yaani kile kiti chenye mikanda, mashine inalala nyuma kidogo, kwa hiyo mafuta yanazikata alama kwa mshazari. Mimi muda wote nilikuwa nasoma upande ule ulio juu!

Sasa nimezichora upya. Nilifunga kamba kwenye boriti, nikajining'iniza na mashine mgongoni, injini imezimwa, rafiki akawa anamimina lita moja moja na kuchora mstari kila inapotulia. Lita ya mwisho nimeizungushia utepe mwekundu, hiyo siihesabu kabisa, maana mpira wa kunyonyea haufiki kila kona ya tangi.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Leteni visa, hata vya aibu.

Bawa Jekundu

Mkuu pole, na hongera kwa kutua na miguu yote miwili.

Mimi kioo nakitumia, ila geji yangu ni saa. Kwa miezi kadhaa sasa naandika kila safari: nimeruka na lita ngapi, nimekaa hewani dakika ngapi, na nikirudi nahitaji lita ngapi kufikia mstari uleule wa mwanzo. Najaza kwa jagi lenye vipimo, sikadirii kwa macho. Kwangu inakuja kama lita 4 kwa saa nikiwa natembea tu bila papara. Siku za kucheza, kupanda na kushuka, inazidi 5.

Kilichonifundisha kuandika ni upepo. Bawa langu linakwenda kama kilomita 45 kwa saa. Siku moja upepo wa kilomita 20 ulikuwa mgongoni, nikawa nakwenda 65 juu ya ardhi, raha tupu. Baada ya nusu saa nikageuza. Piga hesabu: kilomita 32 na ushee nilizozila kwa nusu saa, kurudi kwa mwendo wa 25 ni saa nzima na dakika 18. Tangi nililiona nusu na zaidi nikasema yanatosha kwenda na kurudi, kumbe mwendo wa kurudi si ule niliokwenda nao. Nilitua kiwanja cha watu nikaomba lifti.

Tangu siku hiyo naanza na upepo wa mbisho, ule wa usoni. Nahangaika nao kwanza, tangi likifika nusu narudi nao mgongoni.

Nyepesi

Kaka zangu, mnapotaja lita 4 kwa saa tajeni na uzito wenu, maana mnawapotosha wageni. Mimi ni mwepesi na bawa langu ni kubwa kwangu, natumia lita 3 kwa saa na mara nyingine pungufu. Nilimwambia hivyo mwenzangu mmoja mwenye mwili wake na bawa dogo la mbio, akabeba lita 6 kwa hesabu yangu. Alirudi kwa miguu. Hadi leo ananitania.

Halafu kuna hili la kujaza tangi pomoni kila siku. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Lita 12 ni kilo 9, na nikimbie nazo ili niruke siku isiyo na upepo? Mimi nabeba ya safari yangu na nusu yake juu. Zaidi ya hapo naona ni kuliadhibu goti.

Fundi Plagi

Dada, goti linapona. Ila sibishani sana, kila mtu na mwili wake.

Mimi nina kisa ambacho mafuta yalikuwepo na injini ikafa. Mashine ilikaa stoo wiki sita. Nikaipasha moto chini dakika mbili, ikanguruma vizuri. Nikaruka. Baada ya muda kidogo, nikivuta akselereta hadi mwisho inafifia, nikiachia inarudi. Nikadhani kabureta. Inafifia, inarudi, mwisho ikakata. Kioo kinaonyesha lita 7.

Nilipotua nikafungua kifuniko cha tangi, likavuta pumzi *fyuuu* na kuta zake zilizokuwa zimebonyea zikarudi nje. Mpira wa kuingizia hewa ulikuwa umeziba. Nyigu alikuwa amejenga ndani yake, udongo mkavu kabisa, nilimtoa kwa waya. Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, pampu ya kabureta inavuta dhidi ya ombwe hadi inashindwa.

Kwa hiyo kabla ya kuruka napuliza mpira ule kwa mdomo nikilisikiliza tangi. Sekunde tano. Na mpira wa mafuta wenyewe nautaka unaoonyesha ndani: nikiona viputo vinatembea kuelekea kabureta, siruki.

Mzee wa Kijidaftari

Bawa Jekundu ameligusa la muhimu, ila ngoja niongeze upande ambao hakuusema. Mimi daftari ninalo miaka mingi, na liliniponza kwa sababu nililisoma kama mhasibu.

Mashine yangu ilikuwa inakula lita 4.2 kwa saa, mwaka mzima haichezi. Ghafla ikaja 3.9. Safari iliyofuata 3.6. Nikafurahi! Nikawatambia wenzangu kwamba nimejifunza kuendesha, mkono wangu umekuwa mwepesi, mafuta natumia kidogo kama dada Nyepesi hapo juu. Kipimajoto cha kichwa cha silinda kilikuwa kinapanda taratibu, nikasingizia jua.

Safari ya tatu, napanda, nasikia sauti inakuwa nyembamba, kali, kama mtu anavuta waya. Halafu propela ikasimama papo hapo. Haikuzunguka hata nusu. Ndiyo nikajua imejam.

Tulipofungua, pistoni ina michirizi upande wa moshi. Chujio la mafuta ndani ya tangi lilikuwa limevaa utando wa uchafu, mafuta yanapita nusu. Mnajua injini hizi za tu-stroki zinalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli yenyewe. Mafuta yakipungua, oili nayo inapungua, na mchanganyiko wenye hewa nyingi unaungua kwa joto kali. Injini haikuwa inabana matumizi, ilikuwa na njaa.

Sasa nikiona namba imeshuka bila sababu naogopa kuliko ikipanda. Ikipanda natafuta vya kawaida: sindano ya kabureta imefunguka, diaframu imechoka, au propela imemeguka ncha. Ikishuka sirushi chombo mpaka nione chujio na gasketi kwa macho yangu.

Mgeni wa Anga

Samahani wakuu, mimi bado niko mafunzoni. Hakuna geji ya umeme ya kumaliza haya yote?

Bawa Jekundu

Zipo, mgeni. Ninayo moja, kihisio kimebandikwa nje ya tangi. Kwenye mwendo mnyoofu iko sawa. Ukiingia ghafla kwenye kona kali mafuta yanayumba, inasoma umejaza. Ukitoka, inasoma umeishiwa. Nangoja nusu dakika itulie ndipo niiamini. Nayo nilifanya kama mwanzisha uzi, niliipima nikiwa nimening'inia, si mezani. Hizi hazijui mashine imelala kiasi gani mpaka uzifundishe.

Nyepesi

Mgeni, anza na kioo, ni bei rahisi na hakiishi betri. Ila kuna mambo mawili hatukuambiwa darasani. Jioni, jua likiwa chini, tangi linakuwa giza upande mmoja. Geuka kidogo mpaka mwanga ulipige kwa nyuma, mstari wa mafuta utauona kama uzi. Ukitumia oili yenye rangi, ya bluu au nyekundu, unaonekana zaidi.

La pili, kwenye kioo tarakimu zinageuka. Ukiwa juu, mkono mmoja umeshika akselereta, umechoka, 2 iliyogeuzwa unaweza kuisoma 5. Mimi nimeziandika kinyume makusudi, kwenye kioo zinakaa sawa.

Mwanzisha uzi

Dada, hilo la tarakimu sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Na Fundi, nimetoka stoo sasa hivi kupuliza mpira wa hewa. Hewa inapita, nyigu hayumo, ila nilikuta majani mawili makavu karibu na mdomo wake.

Kwa tarakimu nimekaa na kalamu hapa. 1 na 8 hazina shida. 4 nimeikosea mara tatu, ya nne ndiyo imekubali.