Wauguzi wenzangu, ari ya kazi mnaitoa wapi?

Sista wa Igoma
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, hospitali moja hapa Mwanza, mwaka wa 9 sasa. Naleta hili huku kwa sababu nyumbani nikilisema naambiwa wenzangu wanatafuta ajira.

Mshahara ni mdogo, sikatai. Lakini nilipoanza ulikuwa mdogo zaidi, na bado nilikuwa nawahi daladala ya alfajiri kwa furaha. Siku hizi natoka kazini nikijua kuna mtu sikumhudumia inavyotakiwa. Wiki iliyopita tulikuwa wawili usiku, watoto 34. Huyu anasubiri damu, yule yuko kwenye oksijeni, na kuna mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (mnajua ilivyo nyingi huku Kanda ya Ziwa), analia maumivu. Dawa yake ilichelewa karibu saa nzima kwa kuwa nilikuwa natafuta mshipa wa kichanga aliyekaukiwa maji. Mama yake hakunigombeza. Aliniangalia tu.

Watoto wote 34 walifika asubuhi. Kwenye kukabidhiana zamu nikaulizwa kwa nini chati moja haina joto la saa kumi. Nililia mpaka Buzuruga.

Mliokaa kazini miaka mingi, nini kinawarudisha?

Muuguzi wa Sengerema
Pole sana dada. Nipo masomoni, na tumesoma kuhusu Herzberg, Mmarekani aliyewahoji wahandisi na wahasibu, akatoa matokeo mwaka 1959. Aliona kinachomkera mtu kazini ni kingine, na kinachompa ari ni kingine. Mshahara na usimamizi vikirekebishwa, kero hupungua. Ari huja mtu akiona kazi yake imezaa, na wengine wakaiona. Wapo wanaompinga, na mimi posho yangu ya saa za ziada bado naidai, lakini nimeisoma ile sentensi yako ya watoto 34 nikamkumbuka.

Mkuu wa Wodi
Chati isipojazwa ninayeulizwa na matroni ni mimi. Ila ni kweli, ningeanza na "poleni na usiku".

Mkunga Mstaafu, Ukerewe
Mwanangu, mimi kilichonichosha ni kutojua. Unampakia mama wa rufaa kwenye meli pale Nansio, damu inamtoka, unarudi wodini kuendelea na wengine. Alifika Mwanza? Alipona? Kimya. Tukanunua kaunta-buku. Ndugu wa mgonjwa akirudi kisiwani tunamtafuta, tunaandika: mama wa kijiji fulani, kajifungua wa kike, wote wazima. Asubuhi tunasoma hilo kwanza, halafu ndiyo tunapokezana zamu. Waliofariki nao tuliwaandika. Niliweza kukaa kazini mpaka nikastaafu.

Sista wa Igoma
Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Yule mtoto wa selimundu karuhusiwa Ijumaa anatembea mwenyewe, na habari hiyo nimeipata kwa dada anayefanya usafi wodini, siku tatu baadaye. Naomba kuuliza: hiyo kaunta-buku ilikuwa ya mkuu wa wodi au yenu wenyewe? Niombe ruhusa kwanza, au ninunue tu niiweke mezani?

Mkunga Mstaafu, Ukerewe
Marahaba. Yetu wenyewe. Nunua.