Tupeane uzoefu: safari yako ya baiskeli ya karibuni, na hatua uliyofikia

Kusi na Kaskazi:
Wana baiskeli wa Mombasa, hamjambo. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, naona Jumapili alfajiri daraja la Nyali limejaa kofia za plastiki. Basi tusimuliane. Si lazima uwe umekwenda mbali. Sema ulitoka wapi, ulifika wapi, na nini kilikupata njiani. Wenye kuja na wastani wa mwendo peke yake, bila kisa, bakini nao.

Naanza mimi. Kilifi na kurudi, kilomita mia na kumi na kitu, mara yangu ya kwanza kuvuka mia. Nilitoka Tononoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba. Mwezi wa saba, tena mimi mtoto wa pwani, nisikumbuke kusi, upepo utokao kusini! Mpaka Mtwapa nilikuwa nataniana na matatu. Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, nikawa nakata thelathini na mbili kwa saa huku nimefunga mdomo, napumua kwa pua. Nikajiambia mazoezi yameniingia. Laiti ningeitazama minazi ya Kikambala nilipopita, ningeona makuti yote yamelalia kule kule ninakokwenda.

Kilifi nikavuka daraja, nikakaa kwa chai, mahamri na mbaazi. Saa mbili na nusu nikageuza. Lo! Upepo ulinipokea darajani kifuani, kama mtu ninayedaiwa naye. Thelathini na mbili ikawa kumi na tano. Kutoka Mnarani hadi Vipingo nilimaliza muda ule ule ulionitoa Mtwapa hadi Kilifi asubuhi. Lori likikupita unapata nafuu ya sekunde mbili, kisha upepo unakurudia na mchanga juu yake. Kikambala nikaishiwa kabisa, vidole vimekufa ganzi, naona vimulimuli mchana. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mwembe nikakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai akaniuliza, "Baba, umegongwa?"

Nikamwambia la, ni upepo.

Akanitazama, akaitazama na kaptula yangu ya kubana, akaniwekea viazi vinne na ukwaju. Kisha akasema, "Huo upepo si huja kila mwaka?"

Nyumbani niliingia saa saba na robo. Tangu siku hiyo, Aprili hadi Septemba nakwenda Diani, nakabiliana nao nikiwa na nguvu zangu, kurudi unanisukuma wenyewe mpaka Likoni. Kilifi naiwekea kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi. Haya, nyinyi.

Mama wa Bamburi:
Kilomita 13. Msicheke.

Nina miaka 44 na sikuwahi kupanda baiskeli. Kwetu ilikuwa ya kaka zangu, mimi nilikuwa wa kuiosha. Mwaka huu nikanunua ya mtumba, nikampelekea fundi nikamwambia anifundishe. Alichofanya, aliving'oa vikanyagio vyote viwili akanipa mkononi. Akashusha kiti mpaka nyayo zangu zikakanyaga chini sawasawa. Akasema nenda ukasukume kwa miguu, kama mtoto, mpaka uone unaweza kuinua miguu yote ukateleza. Sikumwelewa, nilidhani ananidhihaki. Asubuhi tatu nilikwenda uwanja wa shule ya mtaani baada ya sala ya alfajiri, nasukuma huku na huku, watoto wa madrasa wakipita wananihesabia. Siku ya nne niliteleza kutoka goli moja hadi la pili miguu iko hewani. Nikarudi kwa fundi kudai vikanyagio vyangu.

Buibui la kwanza lililiwa na mnyororo. Nilibaki nimefungwa na baiskeli kama mbuzi wa sadaka, mpaka jirani akaja na mkasi. Sasa navaa suruali pana iliyobanwa kifundoni kwa mpira, na juu gauni linaloishia magotini. Jumamosi iliyopita nimetoka Bamburi mpaka Shanzu nikarudi. Makutano ya barabara kuu bado nashuka naisukuma, wala sioni haya.

Kusi na Kaskazi:
Mama, 13 hizo nazipa heshima kuliko 110 zangu. Mimi nilisukumwa.

Kijana wa Likoni:
Mimi Kwale. Ukitoka Likoni ni tambarare mpaka Kombani, Waa unapita unaimba. Ukikunja kulia Kombani wimbo unakatika. Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari, na sisi tumezaliwa usawa wa bahari, mlima wetu wa pekee ni ile njia ya kushukia feri maji yakiwa yamekupwa. Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, kule Kigali alimaliza kilomita 267 za vilima akashinda. Mimi kumi na kitu tu nilishuka mara tatu, mara ya tatu nikasingizia nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Lakini kisa chenyewe kilikuwa kurudi. Mteremko mtamu, masikio yanapiga mluzi, mara tairi la nyuma, pssss. Tyubu ninayo, pampu nimeisahau nyumbani juu ya friji. Nikaisukuma mpaka stendi ya bodaboda. Vijana wakanikaribisha vizuri, wakatoa pampu ya mguu, kumbe valvu yangu ni ile nyembamba na mdomo wa pampu yao ni wa valvu nene, ya pikipiki. Tukajaribu kuifunga kwa kipande cha mpira, ikatema. Mmoja akapendekeza tulijaze tairi nyasi. Alikuwa hafanyi mzaha. Mwishowe nikapanda pikipiki, baiskeli begani, mpaka Likoni.

Fundi Spoki:
Kijana, dawa yake ni kikofia kidogo cha shaba. Unakifunga juu ya valvu nyembamba na inakuwa nene, pampu yoyote ya stendi inaingia. Ila ulegeze kwanza ile nati ndogo ya kwenye ncha, bila hivyo utapampu mpaka magharibi. Nunua viwili, kimoja kiache kimefungwa kwenye valvu siku zote.

Na kwa nyote: baiskeli nyingi ninazoletewa hapa hazikuharibiwa na kilomita, zimeliwa na chumvi. Mtu anapita ufukweni Jumapili, anaiweka varandani inayoangalia bahari, anarudi Jumapili ya pili mnyororo umekuwa rangi ya mdalasini. Ukirudi, ifute kwa kitambaa cha maji yasiyo ya chumvi, ikaushe. Mnyororo usugue kwa mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye kila kiungo, zungusha, halafu *futa yote ya nje*. Hapo ndipo mnaponishinda. Mnamwaga kama mnakaanga bajia, mchanga unanata, mnajitengenezea msasa.

Mzee wa Tudor:
Ya karibuni sina, goti limegoma. Ila nawasikia mkilitaja daraja la Nyali. Kabla ya hili la 1980 sisi tulipita lile la kuelea, la tangu 1931, maji yakipanda nalo linapanda. Na Kilifi kabla ya 1991 hapakuwa na daraja. Unafika Mnarani umechoka, unasubiri kivuko, unakula, unalala kidogo. Wala hatukujua kwamba tunafanya mazoezi. Nilikuwa nakwenda kumwona mchumba. Huyo ndiye aliye jikoni sasa hivi ananiuliza nacheka nini.

Mkate Moto:
Nimesoma yote nimenyamaza, sasa nami niseme. Mimi nasambaza mikate, Majengo, Tudor, mpaka Kisauni. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kreti mbili nyuma, gia moja. Miaka kumi na tisa. Mpwa wangu alinitilia ile programu ya kuhesabu kilomita kwenye simu, akaniambia usiizime mpaka urudi. Jioni akaifungua akapiga kelele: 41. Nikamwambia itakuwa imekosea. Kesho yake 39. Kumbe ndio hivyo, na mimi nilikuwa nikisema "nazunguka hapa hapa tu".

Sijui kama hiyo inahesabika hapa kwenu.

Kusi na Kaskazi:
Yakhe! 40 mara siku sita, ni 240 kwa wiki, na kreti mbili. Hapa hakuna anayezifikia hata akiunganisha za mwezi mzima. Kwale wewe ungepanda bila kushuka.

Kijana wa Likoni:
Tena na mikate.

Mkate Moto:
Kwale sina wateja.

Mama wa Bamburi:
Kaka Mkate Moto, nina swali. Ukiwa umebeba kreti, unashukaje pale Kisauni kwenye msongamano bila kuanguka? Mimi bila mzigo miguu inatetemeka.

Mkate Moto:
Dada, usitazame gari lililo mbele yako, tazama nafasi iliyo kando yake, baiskeli itakwenda unakotazama. Na mguu mmoja uuzoeshe kushuka, ule ule kila siku. Mimi wa kushoto. Kiatu cha kushoto huisha mapema, nanunua jozi kwa ajili yake.

Kusi na Kaskazi:
Jumapili hii tunatoka Tononoka saa kumi na moja na nusu, pole pole, Diani, maana kusi bado liko. Mkate Moto, karibu sana, utatuongoza.

Mkate Moto:
Ahsanteni, ila Jumapili siwezi. Ndiyo siku ninayopumzika baiskeli.